Tuzo Isiyo na Kichwa

Nianze na ujinga wangu, msije mkausikia kwa watu wa barazani, ambao huongeza chumvi hata kwenye chai. Jioni ile ile niliyokabidhiwa amana ya tuzo ya kimataifa, niliishika kwa mkono wa kushoto, nikashika msumeno kwa mkono wa kulia, nikaikata kichwa. Haikuwa ajali. Sikuteleza. Nilikata taratibu, ulimi nje, kama mtu anayekata keki ya harusi ya wenyewe.

Jina langu ni Mbarak, wa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, na nimestaafu. Najua nina miaka kumi na saba na mtihani wa kemia unaningoja, lakini kustaafu ni kustaafu. Nilifanya kazi ya kujitolea katika kongamano la kimataifa la hadithi za kubuni za kisayansi, lile linalohamia nchi nyingine kila mwaka kama mpangaji mwenye matatizo, na ambalo safari moja lilitushukia Mombasa. Sisi tuliliita Kongamano tu. Mama aliwaita wote watu wa nyota. Sasa naingia kidato cha nne, na Mama ameshasema nitakachojitolea mwaka huu ni vitabu. Nyinyi wadogo zangu wa chama cha hadithi mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo naziruka, kwa sababu niliingia nikiwa mwelekeza wageni na nikatoka nikiwa mwelekeza wageni. Za mishahara pia naziruka, maana hakuna mtu anayeandika habari za mtoto ambaye hakuzaliwa.

Siku ya kwanza nilifanyiwa usaili na Dada Kadzo. Kadzo ni mtu wa Rabai, anafanya kazi maktaba hapa kisiwani, na ndiye aliyepewa kuwasimamia wote waliojitolea. Ana sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Aliniuliza swali moja tu.

"Mgeni akikuuliza jambo usilolijua, utafanyaje?"

"Nitatunga."

"Basi nenda ukawe mwandishi. Hapa twataka mwelekezaji."

Nikasimama niondoke. Akaniita. "Rudi. Wewe ni mrefu, na sina ngazi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Vipaji vina njia nyingi za kutambuliwa.

Alichonifundisha Kadzo ni mishale, na nawaomba mkisome hiki hata mkiruka mengine yote. Ukumbi una milango mingi na wageni hawajui choo kiko wapi. Mtu mjinga, yaani mimi wa siku ya kwanza, hubandika mshale juu ukutani, mahali pazuri, unaonekana kama bango la uchaguzi. Kadzo alinipa mkoba mzito na kunitoa nje. Akasema, "Ingia kama umepotea." Nikaingia. "Umetazama wapi?" Chini. Mtu aliyepotea hutazama miguu yake. Basi mshale hubandikwa sakafuni, pale miguu inaposita, wala si pale wewe unapopaona pazuri. Tuliingia na kutoka siku nzima, mimi nimebeba mkoba wa matofali nikijipoteza kwa makusudi, na kila niliposita Kadzo aliinama akabandika mkanda wa karatasi. Mpaka leo nikiingia mahali pageni hutazama chini kwanza, kutafuta kama kuna aliyewahi kunifikiria.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mkanda huo wa rangi ya njano, mkasi, beji zenye uzi, na redio ya mkononi. Kwenye redio, alisema Kadzo, maneno mawili matatu yanatosha. Mimi niliimba. Alinipokonya kwa nusu siku. Aliponirudishia, nilikuwa nimejifunza kusema "mlango wa pili" na kunyamaza, jambo ambalo walimu wangu wameshindwa kunifundisha tangu darasa la kwanza.

Kabla wageni hawajafika, vilifika vitabu vyao. Lori halikuweza kupenya mpaka mlango wa ukumbi, kwa hiyo Kadzo akanituma sokoni Marikiti kutafuta hamali wenye mikokoteni. Wakaja watatu, wakapakia masanduku, wakapita mjini wakipiga kelele za "Njia! Njia!" nami nimekaa juu ya masanduku kama sultani. Mmoja akapangusa jasho akaniuliza, "Yakhe, humu ndani mna nini?"

"Hadithi za watu wa sayari nyingine, ami."

"Na wewe ushuke. Hao wa sayari nyingine watosha uzito."

Kisha wakaja wenyewe. Wallahi, sijui niseme vipi. Mji wetu umezoea wageni, lakini wageni wanaokuja kupiga picha mlango wako na kuondoka. Hawa walikuja wamevaa mikia. Mmoja alikuwa na mikono sita, minne ya mpira, akaingia duka la halwa. Muuzaji hakushtuka wala hakucheka. Alimtazama toka juu hadi chini, akasema, "Karibu. Waonja kwa mkono upi?" Mwingine, mpiga picha, alinivuta kando akaomba nimpeleke Kibarani, kwa kuwa alisoma kwamba kuna jaa kubwa la taka linalofaa kwa picha za sayari iliyoharibika. Ilibidi nimwambie kwa upole kwamba amechelewa, sayari yetu iliyoharibika imepandwa miti. Alisikitika kweli kweli. Nikampa pole.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa ya msichana mmoja mwenye mabawa. Mabawa yake yalikuwa mapana kuliko kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu, naye alikwisha kuingia. Mbele hapiti, nyuma amewazibia watu njia. Nikaita kwenye redio, "Mabawa yamekwama," maneno mawili kama nilivyofunzwa. Kadzo akajibu, "Mwite mamako." Mama ni fundi wa kushona. Alitoka na mkasi na pini mdomoni, akafumua mabawa mgongoni mwa yule msichana pale pale kichochoroni, akampitisha ndani ya nyumba yetu akatokea upande wa pili, kisha akayashona upya akiyapunguza upana. Msichana alilia, akamkumbatia. Mama hajui Kiingereza cha kulia, akawa anampigapiga begani tu, "Haya basi, haya." Kuanzia hapo wote waliochanika waliletwa kwetu. Kulikuwa na foleni ya majini na wanaanga barazani, na Bibi, mamake Mama, amekaa katikati yao na kahawa yake kama mkuu wa uwanja wa ndege.

Bibi alikuwa na swali lake. Alimsikia mgeni mmoja mzee, profesa wa mambo ya anga, akieleza kwamba wajukuu zetu wataishi Mirihi. Akanambia nimtafsirie: "Huko wakifika, kibla kitakuwa wapi?"

Yule mzee akafikiri sana. "Juu," akasema. "Dunia itaonekana angani."

"Basi watateseka shingo," Bibi akasema, akamwongezea kahawa.

Ndivyo zilivyokuwa siku hizo. Sikupata kuwa na siku kama hizo kabla, na ninaogopa kidogo kwamba sitapata tena. Mimi niliyezoea kuambiwa nyamaza, kaa chini, acha kutunga, nilikuwa katikati ya watu wazima waliosafiri nusu ya dunia kwa ajili ya mambo ya kutungwa.

Sasa nije kwa tuzo.

Kongamano hutoa tuzo zake siku ya mwisho, kwa kura za wanachama wake. Waandishi walio mbali wasioweza kuja huchagua mtu wa kuwapokelea. Miongoni mwa waandishi walioteuliwa kuwania tuzo alikuwemo Shangazi Aisha. Si shangazi yangu wa damu. Ni mtoto wa Kuze aliyeondoka zamani, sasa ni muuguzi katika nchi ya baridi huko mbali. Makaratasi yake ya ukaazi hayajakamilika. Akitoka hataruhusiwa kurudi, na watoto wake wako huko. Hadithi yake ilihusu watu wanaosafiri angani maisha yao yote, na ndani ya chombo chao wamejenga vichochoro vya Kuze kwa kukumbuka tu, kila mmoja anakumbuka vyake, na wanagombana kila siku duka lilikuwa upande gani.

Miezi kabla ya Kongamano, alimwomba Kadzo mtu wa kumtembezea mtaa kwa simu. Nikapewa mimi. Nilitembea nimeinua simu mbele, naye akinielekeza kutoka huko kwenye theluji. Mwelekeza wageni akaelekezwa mtaani kwake.

"Simama hapo, mwanangu. Geuka. Hapo konani si pauzwa mafuta ya taa?"

"Pauzwa kadi za simu, shangazi."

Akaniambia nisogee mbele kidogo.

"Na ule mlango wenye misumari ya shaba?"

"Waliuuza. Sasa kuna wa chuma, wa kijani."

"Basi hadithi ibaki vivyo hivyo," akasema. "Kwenye chombo changu wauza mafuta ya taa."

Alipotakiwa kutaja mtu wa kumpokelea, alisema tu: yule kijana wa Kuze.

Kadzo alinifunza kwa ukali. "Wewe ni wakili. Wakili si bwana harusi. Panda, pokea, soma maneno ya mwenyewe, shuka. Usitunge." Nikaapa. Tatizo ni kwamba uwakili niliokuwa nimeuona maishani mwangu ni wa msikitini, ndoa zinapofungwa na bwana harusi yuko safarini. Jina la Aisha lilipotajwa na ukumbi ukalipuka, nilipanda jukwaani, na mshereheshaji akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Je, unakubali kuipokea kwa niaba yake?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa sauti ya kufungia ndoa:

"Nimekubali kumpokelea Aisha binti Omar, kwa yote yaliyotajwa!"

Akina mama wa Mji wa Kale waliokaa nyuma wakaangusha vigelegele vya kupasua dari. Wageni wakadhani ndio utaratibu wa hapa. Aliyefuata kushinda, jitu la ndevu kutoka sijui wapi, akainama kwenye maikrofoni akasema, "Ni-me-ku-ba-li!" Vigelegele. Na wa baada yake hivyo hivyo, mpaka mwisho. Kadzo alikuwa amesimama pembeni, kiganja usoni. Sikujua kama analia au anacheka. Shangazi Aisha alikuwa akitutazama kwenye simu yake, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha hospitali, kabla ya zamu.

Alinitumia sauti: "Niwekee amana, Mbarak. Usiitume. Nitakuja kuichukua mwenyewe."

Tuzo yenyewe ilichongwa hapa hapa mjini, ya mti wa mvule, kimo cha mkono mpaka kiwiko: mtu wa anga aliyeinua mkono mmoja, uso wake umechongwa vizuri, macho, pua, hata kutabasamu. Hapo ndipo penye balaa. Niliiweka sebuleni, juu ya kabati, upande anaosalia Bibi.

"Huyo yuwatizama nani?" Bibi akauliza.

"Ni tuzo, Bibi. Ya kimataifa."

"Sikuuliza ya wapi. Sanamu lenye uso halikai mbele yangu nikisali."

Mimi nilikumbuka kitu nilichosikia madrasa, nusu yake, maana nusu nyingine nilikuwa nimetolewa nje: kwamba sanamu lisilo na kichwa hilo halihesabiki. Nikaenda kuazima msumeno kwa jirani. Niliporudisha kile kiwiliwili juu ya kabati, shingo imekatwa sawasawa, nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Nimeokoa amana, nimeokoa sala, sijamkasirisha mtu.

Bibi alivua miwani, akaivaa tena. "Mwanangu. Nilikuwa nataka ulifunike kitambaa. Nani alikwambia ulichinje?"

Mama aliinua macho kwenye cherehani, akatazama kiwiliwili, akatazama kichwa mkononi mwangu, akaendelea kushona. Afadhali angenipiga.

Wageni wakaondoka. Ukumbi ukarudia harusi na mikutano. Nikawa napita pale nikitoka shule, na siku moja mlinzi, ambaye ananijua, aliniachia niingie. Walikuwa wamepiga deki kila mahali, lakini nyuma ya mlango wa pili mshale wangu mmoja ulikuwa bado uko sakafuni, umeisha rangi, unaelekeza chooni. Nilikaa karibu yake muda. Kama kuna anayetaka kunicheka acheke. Nilikuwa na mkoba mzito na nilikuwa natazama chini. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Bibi alikuwa akiuliza, "Yule mzee wa Mirihi hajambo?" kana kwamba nina namba yake. Mama, akitia uzi kwenye sindano, alikuwa akisema bila kunitazama, "Yule wa mabawa, aliandika?" Hakuandika. Watu wa nyota wana maisha yao, nami nadhani wako mji mwingine sasa, mtu mwingine mrefu anawabandikia mishale.

Mimi nilibaki na tuzo. Na mradi iko kabatini kwetu, lazima mwenyewe atakuja, na akija atakaa barazani, na tutazunguka mtaa bila simu, na Kongamano litakuwa halijakwisha kabisa. Aliomba picha mara kwa mara. Nilibandika kichwa kwa chingamu, nikapiga picha upesi kabla hakijaanguka. "Mbona leo atazama kando?" aliuliza safari moja. Nikasema ni mwanga. Kila akisema huenda mwezi ujao, huenda baada ya baridi, nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Akija atakiona kichwa. Asipokuja, hatakuja.

Ikafika siku akatuma sauti fupi, sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. Maombi yake ya ukaazi yamekataliwa tena. "Nitumie, mwanangu. Nisiingoje tena. Nataka niwe na kitu cha nyumbani mkononi."

Nilirekodi jibu mara nyingi na kulifuta. Nikijaribu mzaha, unanikwama. Mwisho nikasema yote kama yalivyokuwa, Bibi, madrasa, msumeno, chingamu, nikaongeza kwamba nitakibandika kwa gundi ya seremala na haitaonekana, na kwamba naomba radhi. Nikaituma. Ikakaa bila kujibiwa. Nilikwenda shule nikarudi, nikalala nikaamka. Mama aliniona nashika simu kila dakika.

Jibu lilipokuja lilianza na kicheko, kicheko kirefu mpaka kikawa kikohozi.

"Mbarak, ewe mtoto, jirani amegonga ukuta kwa ajili yako. Sasa nisikize. Kiwiliwili nitumie, nikiweke dirishani. Kichwa usikibandike. Miaka yote natafuta njia nifike Kuze hata siku moja, sijaipata. Hicho kimeshafika. Kiache kikae. Na umwambie Bibi, shikamoo, na kama macho ya hicho kichwa yamsumbua, akifunike."

Nilimchezea Bibi ile sauti. Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwenye simu, kana kwamba atasikika. Kisha akamwambia Mama atoe nafasi kwenye droo ya cherehani, kati ya vidonge vya uzi, wakakilaza kile kichwa humo na kipande cha hariri juu yake.

Kiwiliwili nilikifunga mwenyewe. Vipande vya nguo vya Mama chini, vingine juu, ule mkono ulioinuliwa nikauzungushia pamba. Mkanda wa njano ulikuwa umebaki mmoja, wa Kongamano. Nikakata kipande, nikakishika, nikashindwa kukibandika. Nilikaa sakafuni na sanduku wazi mbele yangu. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Bibi aliita mara moja, akaacha. Cherehani ikanyamaza.

Mama alisema, "Wa nyota wamekwenda zao, Mbarak, na huyu ana mwenyewe anayemngoja. Funga sanduku, unawe mikono, uje tule. Sisi tupo."